Arobaini na Sita kwa Dakika

Kajiado,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mpwa wangu Gathoni,

Barua hii iko ndani ya boksi pamoja na kile kisanduku chako cha USB ulichonipa cha sauti ya kanisa. Nimekifunga na gazeti na soksi mbili safi. Soksi nirudishie. Yule mama wa kupokea mizigo pale stage ya matatu aliniuliza kama ni kitu cha kuvunjika, nikamwambia mama, hapo ndani kuna kwaya ya watu arobaini. Akaishika kwa mikono miwili.

Usishangae naandika kama watu wa zamani na simu niko nayo. Simu ni ya watu hawana la kusema. Mtu anapiga, anauliza uko wapi, unamwambia, anakata. Barua inakaa. Na mwandiko wangu unaujua. Shule niliachia darasa la saba, si kwa kushindwa, ni walimu walichoka na maswali yangu.

Sasa shida. Kisanduku kimekuwa mgonjwa. Kompyuta ya kanisa inatoa muziki, kisanduku kinaupokea kwa waya wa USB, kinapeleka kwa mixer, mixer inapeleka kwa spika, na hapo katikati kuna kitu kinaharibika. Sauti haisimami. Inakwaruza, inatetemeka kama ndama wa leo. Ilianza Januari. Nimesoma nikaona hiyo kitu inaitwa jita, wakati saa ya muziki inayumba ndani ya kompyuta. Nikajua mara moja ndiyo hii.

Masikio yangu unayajua. Loitokitok, mwaka wa tisini na nne, shamba la nyanya, nilikuwa nimeketi kilomita mbili kutoka kwa mfereji nikasikia pampu ya maji ikikohoa. Nikamwambia mwenye shamba, hiyo bearing itakatika Alhamisi. Ikakatika Jumatano. Haikuwa na subira. Na ile harusi ya Kiserian niliyopigia muziki, wachimba mawe wa ng'ambo ya bonde waliweka nyundo chini mpaka bibi harusi akafika mbele. Mtu wa namna hiyo utamwambia hajui sauti?

Lakini wanasema. Mzee Nzioka, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amenipa mpaka mwisho wa Machi. Sauti ikiwa bado, kiti changu cha mitambo kinaenda kwa mwalimu Mutindi wa shule ya Jumapili. Gathoni, ufunguo wa hiyo kabati ya mitambo umekaa shingoni mwangu miaka kumi na sita. Naoga nao. Kanisa lile kila kitu cha waya nimefunga mimi, taa, feni, kengele, hata hiyo fensi ya stima ya kuzuia punda milia kwa sukuma wiki ya kina mama, nimeimaliza juzi baada ya mwaka mpya, kazi ya kupigwa picha.

Kitengeneze. Na usimwambie mama yako.

Mjomba wako,
Kiama


Kitengela,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mjomba,

Kisanduku kilifika salama, soksi ni hizi. Nisamehe mwandiko. Leo nimechomelea waya tangu saa mbili asubuhi, jirani yangu fundi wa mageti anasaga vyuma, na maji hatujaona siku sita. Mkono umechoka, kichwa pia.

Nimekiacha kikipiga muziki kutwa nzima juu ya meza, nikakiwekea mashine ya kupimia. Sikuona ugonjwa, nakirudisha na barua hii.

Hiyo jita yenyewe ni hivi. Ndani ya kompyuta sauti ni namba tupu. Kisanduku ndicho kinazigeuza ziwe sauti, zaidi ya elfu arobaini na nne kwa kila sekunde, na kila moja iko na wakati wake wa kutoka. Fikiria ng'ombe kwa josho. Wanaingia mmoja mmoja, na kila mmoja anafaa kuruka kwa nafasi ile ile. Hakuna ng'ombe amepotea, hesabu iko sawa, lakini huyu ameruka mapema kidogo na yule amechelewa. Hiyo nafasi ikiyumba, ndiyo jita. Visanduku vya zamani vilifuata saa ya kompyuta, na kompyuta ni kama mtu wa kuswaga ng'ombe huku anaongea na simu. Hiki chako kiko na saa yake. Chenyewe ndicho kinaambia kompyuta leta, ngoja, leta. Kwa hivyo jita iliyobaki ni ndogo sana, na ukiisikia utasikia muziki umefifia tu, umekosa makali.

Lakini fanya haya tuone. Tumia waya mfupi wa USB. Uchomeke kwa kompyuta yenyewe, si kwa kile kigawanyaji cha matundu manne. Funga programu zingine zote. Na upunguze vitu kwenye ekstensheni ya stima, vinachafua.

Halafu uniambie inalia vipi, kwa maneno yako. Ungechukua simu ningejua kwa dakika moja. Nimekupigia mara nne.

Gathoni


Kajiado,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mpwa wangu,

Simu huwa naiacha kwa koti. Tuendelee.

Nimefanya yote na nikaongeza. Ulisema waya mfupi. Nimepata mfupi mpaka ikabidi nisogeze meza ya kompyuta, nikasogeza mixer, nikasogeza mimbari. Mchungaji sasa akihubiri anatazama dirisha, lakini hajalalamika, anasema kuna hewa. Programu nimefunga zote, hata ile ya kuonyesha saa, kompyuta isijione iko na haraka. Kwa ekstensheni nimetoa feni, nimetoa taa ya mimbari, nimetoa chaja za watu wote na wamenuna. Nimeacha kompyuta, mixer na ile mashine ya fensi peke yake, maana hiyo haipigi muziki.

Bado.

Unauliza inalia vipi. Ziko mbili. Moja inapiga kama mahindi kwa sufuria, tak, tak. Nyingine iko juu yake, kifilimbi chembamba kama birika la jirani linachemka na hakuna mtu wa kulitoa. Hicho kifilimbi hata nyumbani nakisikia nikiwa nimeketi peke yangu, kwa hivyo nafikiri jita imeingia kwa stima ya Kajiado yote. Ukikutana na mkubwa wa stima huko mwambie.

Jumapili kwaya iliingia. Soipan, kiongozi wao, unamkumbuka, yule mrefu, alipita kwa meza yangu akanisalimia, "Sopa, Kiama. Leo usitukate masikio." Nikacheka. Wakaanza kuimba, maneno hayatoki, ni kama wanaimba wamefunika mdomo na leso. Nikapandisha treble kidogo, zile sauti nyembamba. Nikapandisha tena. Kina mama wa mstari wa mbele wakaziba masikio. Baada ya ibada nikawaeleza ni jita. Soipan akaniambia, "Hiyo jita yako iko na kidole."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Mtu wa mitambo hafai kukasirika, anaweza kugusa waya.

Nisaidie, Gathoni. Wiki zimebaki tano.

Mjomba Kiama


Kitengela,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mjomba,

Nyumbani kwako hakuna kompyuta. Hakuna hata redio inayofanya kazi, nilikuja nayo mwaka jana niitengeneze, bado iko hapa juu ya rafu. Kwa hivyo hicho kifilimbi cha nyumbani si jita.

Nimekutumia kisanduku kingine, changu mwenyewe ninachotumia kazini. Kiko na stima yake, hakitegemei ya kompyuta. Hiki kikikwaruza pia, basi nakuomba kitu kimoja, na usinikasirikie. Twende upimwe masikio. Ni kupimwa tu. Mtu anaketi, anavaa vitu vya masikioni, anabonyeza kitufe. Nitaomba ruhusa siku moja tuende pamoja.

Hupokei simu tangu Krismasi. Mama amesema hivyo pia.

Gathoni


Kajiado,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mpwa wangu,

Kisanduku chako cha pili kinakwaruza vile vile, tak yake ni ile ile. Nakirudisha. Hao Wachina wametuuzia sisi wote.

Ile sehemu ya barua yako kuhusu masikio sikuisoma. Panya alikuwa amekula karatasi hapo.

Kiama


Kajiado,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Binti Gathoni,

Bwana asifiwe. Mimi ni Mzee Nzioka wa kanisa la mjomba wako. Anwani yako nimeiona juu ya boksi.

Nakuandikia kwa uzito. Mjomba wako amelitumikia kanisa hili, hakuna anayekataa. Lakini tangu mwaka uanze sauti inakwaruza na inachoma, na wazee wetu wawili wameanza kuketi nje chini ya mabati. Yeye anasema ni kompyuta na anataja jambo la jita ambalo hakuna kati yetu anayelielewa. Wewe ni fundi. Tarehe thelathini tunakutana. Tunaomba utuandikie, kwa ukweli, kama ni mashine au ni mtu. Ukisema ni mashine, tutangoja.

Wako katika utumishi,
P. M. Nzioka


Kitengela,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mzee Nzioka,

Nimepokea barua yako. Sikufurahi kuipokea.

Nimevipima visanduku vyote viwili. Havina kasoro. Jita iliyomo ni ndogo, haiwezi kumfanya mtu atoke nje. Ninavyoona, mashine si shida. Mjomba wangu hafanyi kazi mbaya kwa kupenda. Anapandisha sauti nyembamba kwa sababu hazisikii tena, na mikwaruzo anayosema naona iko kwa masikio yake. Anahitaji daktari.

Naomba asisomewe barua hii. Mwambieni kwa namna ya watu wazima.

Gathoni


Kajiado,
Jumatatu, 31 Machi 2025

Gathoni,

Barua yako imesomwa jana baada ya ibada. Mzee Nzioka alisema barua ya kumhusu mtu isomwe mtu akiwepo, ndiyo desturi yetu, na hapo hakukosea. Soipan ndiye alipewa kusoma. Alisoma polepole kwa sauti ya chini, nafikiri kwa kunihurumia. Sikusikia neno. Kila mtu ananiangalia na mimi sijui nimeambiwa nini.

Nikaomba karatasi nisome mwenyewe. Nikasimama nikawasomea kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, na jina lako.

Uliandika vizuri. Herufi zako ni za mama yako kabisa.

Ufunguo niliutoa nikauweka mezani. Shingo imekuwa nyepesi, sijazoea. Mwalimu Mutindi hakutaka kuuchukua, ikabidi wamshike mkono.

Nitakuambia kitu kimoja halafu ninyamaze. Wakati wakiomba, mitambo ilikuwa bado imewashwa, hakuna muziki. Ile tak nikaihesabu kwa saa yangu ya mkono. Arobaini na sita kwa dakika. Nikahesabu tena wakati wa matangazo. Arobaini na sita. Sijui kama masikio yaliyoharibika yanaweza kupiga namna hiyo. Wewe ndiye fundi.

Kiama


Kitengela,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Mjomba,

Hayawezi.

Na jita haihesabiki. Ni elfu nyingi kwa sekunde, hakuna mtu anaihesabu kwa saa ya mkono. Kitu kinachopiga arobaini na sita kwa dakika, leo na kesho, kiko nje ya kompyuta na nje ya kichwa chako. Nilitoa barua zako zote kwa droo nikazipanga. Kwa ekstensheni umeacha kompyuta, mixer na mashine ya fensi. Na fensi uliimaliza baada ya mwaka mpya, sauti ikaharibika Januari. Umeniandikia mwenyewe, na mimi nimesoma nikapita.

Nilienda kwa Wanyama, mfuga kuku wa nyuma ya duka ninapofanya kazi, ako na fensi kama hiyo. Nikasimama hapo na saa, yeye akidhani nimepotewa na akili. Arobaini na nane. Mashine inarusha stima kwa waya, inapumzika, inarusha tena, na kila ikirusha, kiasi kinarudi kwa waya wa ardhi ya ekstensheni yako na kuingia kwa mixer. Ndiyo tak. Watu wote waliisikia, si wewe peke yako. Itoe hapo. Ipelekwe upande wa pili wa jengo, ipigiwe chuma chake cha ardhi.

Nimemwandikia Mzee Nzioka kwamba nilikosea. Hiyo nayo isomwe ukiwepo.

Kutoka hapa mpaka kwako ni safari ya saa moja. Ningekuja mwezi wa pili ningeiona hiyo mashine kabla ya kuvua koti. Lakini nilikuwa nimechoka, na kupima kisanduku ni rahisi kuliko kuja kumwona mtu. Hilo ndilo kosa langu, si hesabu.

Kile kifilimbi sina jibu lake.

Gathoni


Kajiado,
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mpwa wangu Gathoni,

Barua yako ya pili kwa Mzee Nzioka imesomwa, na safari hii Soipan alisoma kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mzee Nzioka alisimama akaomba msamaha mbele ya kanisa lote na akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili. Watu walipiga makofi. Ningekuwa mtu wa kujisifu ningekuambia yalichukua dakika kumi.

Fensi niliihamisha Ijumaa mwenyewe, nikapiga chuma chake mpaka nikakutana na mwamba. Jana, Jumapili ya matawi, nikafungua kabati, nikawasha kompyuta, kisanduku, mixer, spika, hivyo kwa mpangilio. Nikangoja. Tak imekwisha. Hakuna. Kanisa lilinyamaza mpaka ningeweza kusikia mtu akikunja leso.

Ningeweza, nasema. Sikusikia. Kilichobaki ni kifilimbi. Nilizima spika, kiko. Nikazima mixer, kiko. Nikachomoa ekstensheni kwa ukuta, nikasimama hapo nimeishika mkononi kama nyoka aliyekufa, na kifilimbi kiko pale pale. Miezi yote hii tak ilikuwa inanisaidia, Gathoni. Ilikuwa inanipa kitu cha kulaumu.

Nikarudisha stima. Kwaya wakaingia na matawi yao. Nikaweka treble mahali pangu, pale ninapopajua. Wakaanza. Nikamwangalia Soipan. Hakuziba masikio. Alifinya macho, akaendelea kuimba namna mtu anavyokula chakula kilichoungua kwa nyumba ya watu. Wale wengine pia. Wamekubaliana wasinivunje moyo.

Nikamwita mwalimu Mutindi. Nikamwambia, weka wewe, pale unaposikia vizuri. Akaniuliza, "Mzee, una uhakika?" Nikamwambia mimi uhakika ni jina langu la pili, weka. Akashika kitufe akateremsha. Akateremsha tena. Maneno yakanipotea moja moja, halafu kayamba ikapotea, mwisho nikabaki na ngoma tu na midomo. Na pale Soipan akafungua macho. Mabega yao yote yakashuka. Wale wazee wawili wa nje wakaingia wakaketi. Sijawahi kuona kwaya ikiimba vizuri namna hiyo. Nimeiona, sijaisikia.

Ufunguo uko kwa Mutindi. Safari hii hawakumshika mkono. Nimemwambia kitu kimoja tu, awe anaanza kuwasha kompyuta na kumaliza na spika, na akae mbali na fensi.

Sasa kuhusu kupimwa. Daktari atauliza, na sitaki umwambie ile hadithi yangu ya Loitokitok. Pampu ile sikuisikia kutoka kilomita mbili. Nilikuwa mlinzi wake. Nililala kando yake miaka mitatu, kwa gunia, ikinguruma usiku na mchana, na ilipokatika ile Jumatano ndiyo siku ya kwanza nilisikia kimya. Kimya chenyewe kilikuwa kinapiga kifilimbi. Nikafikiri kitaisha.

Omba ruhusa ya Alhamisi kabla ya Pasaka, kama bado unataka. Lete na ile redio.

Ukishuka usinipigie simu. Nitakuwa nimesimama pale kwa wauza matikiti nimevaa koti ya kijani. Utaniona.

Mjomba wako,
Kiama